Sufuria ya Uji wa Uzazi

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, tangazo la majiko ya kubana kuni lilipobandikwa, wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba. Aliyekutwa anapikia mafiga alitupiwa mafiga yake nje. Fikra kwamba tangazo likitoka wakaguzi hufuata, nilikuja nayo mpaka Louisville, Marekani.

Huku nilisoma shule ya usiku miaka minne, baada ya zamu za ghalani. Jengo zima waliniletea barua zao niwasomee, wakaniita Mwalimu. Kwa hiyo niliposoma kwamba serikali imetoa kanuni za kupunguza umeme wa majikoni, sikumuuliza mtu. Nilimwambia mke wangu, Delfina, kwamba jiko letu limepigwa marufuku. Nikalitupa, nikanunua la kioo, linalopasha chombo kwa sumaku.

Sufuria ya Delfina ilikuwa ya alumini, imebonyea ubavuni. Mama yake alipikia humo uji wa uzazi wa watoto wetu wote. Jiko jipya halikuitambua, kwa kuwa alumini haishiki sumaku. Lililia tu, bila kupasha. Delfina akiwa kazini, nikaitoa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jioni aliitafuta, kisha akaniuliza, "Wakaguzi walipita lini, Baba Joselyne?"

"Watapita."

"Wakipita, waambie nilikuwa na sufuria."

Mwezi wa nne binti yetu Joselyne alijifungua huko Buffalo. Tulipokwenda kumwona, njiani tulilala Columbus kwa Polycarpe, jirani yetu wa kambini, ambaye sasa ni fundi wa majiko. Nilimsimulia habari za kanuni, nikingoja sifa. Alicheka, halafu akaona sicheki.

"Mwalimu, hizo ni za viwanda vinavyounda majiko mapya. La zamani ni lako mpaka life. Hakuna anayekuja kukagua jikoni kwa mtu."

Delfina alikuwa mlangoni na sinia la chai. Aliliweka mezani, akatumiminia, mimi wa kwanza kama siku zote.

Nyumba ya Joselyne, mtaa wa Riverside huko Buffalo, ina jiko la umeme la zamani, ndugu ya lile nililotupa. Alumini ingepika pale bila shida. Delfina alikoroga uji katika sufuria ya chuma niliyomnunulia badala ya ile, tuliyokuja nayo, ukashika chini. Joselyne alikunywa, akasema ni mtamu.

Nilimfuata Delfina jikoni, nikamwomba msamaha. Sijazoea maneno hayo, yalinitoka vibaya.

"Nimesikia," alisema. "Sogea, nioshe."

Aliosha polepole. Kidole gumba chake kilipapasa ubavu wa sufuria, pale ambapo ile nyingine ilikuwa imebonyea.