Saa Moja ya Mzee Hosea

Shati la poliesta halinywi jasho. Ukilivaa kwenye mkonge, jasho linabaki pale pale kati ya ngozi na kitambaa, linakuchemsha kama muhogo. Ndivyo mgongo wa Lucas ulivyooza.

Lucas alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza. Kila Januari shamba lilimpa kila mkataji shati la rangi ya chungwa. Moja tu, la mwaka mzima. Bila shati hilo nyapara Rahimu hakuingizi shambani, hata uje na suti. Daktari alimwambia Lucas avae pamba. Rahimu akamwambia pamba akaivae kwao.

Kaka yake, Zabron, alikuwa fundi cherehani Usagara, Tanga mjini. Shule aliiacha darasa la tano, lakini kitambaa alikijua kwa kukisugua vidoleni tu. Siku Lucas alipovua shati mbele yake, Zabron aliona vidonda kuanzia mabegani hadi kiunoni, akageuza uso.

"Acha hiyo kazi," alisema.

"Niache nile nini, kaka? Nile vifungo vyako?"

Zabron akaenda kwa mzee Hosea, aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha nguo kilichokwishafungwa, sehemu ya kuchemsha vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta sigara?"

"Nimeleta swali."

"Swali halivutwi," mzee alisema, ila alimweleza. Dawa ya poliesta ni kostiki, ile ile ya wapika sabuni. Inaukwangua uzi, unapata vishimo vidogo vya kushika maji. "Vikombe vinne kwa pipa, maji yachemke. Shati litoke saa moja. Kisha suuza kwa maji ya malimao, la sivyo utawababua watu."

Zabron aliandika kwenye boksi la vifungo: saa moja.

Alianza na shati la Lucas. Alilipika saa nzima, akiligeuza kwa mti, mvuke ukimtoa machozi. Lilipokauka alilidondoshea tone la maji. Tone halikuviringika, lilizama. Akamwita mkewe Ritha aje aone, akadondosha la pili, la tatu, huku anacheka kama aliyeokota pesa. Alijaribu maji. Hakujaribu kulivuta.

Lucas alilivaa Jumamosi, siku ya kupalilia. Alirudi kambini mgongo mkavu. Wenzake wakalishika shati, wakalinusa.

"Kaka yako fundi au mganga?" aliuliza Alexander, aliyekuwa akikata naye safu moja.

"Fundi. Mganga angekutoza kuku."

Jioni ile ile Lucas alifika Usagara na gunia: mashati arobaini na moja, ya kikosi kizima. Jumapili Zabron hakwenda kanisani. Aliwasha mapipa matatu, akapika yote, kila pipa saa nzima kwa saa ya ukutani. Malimao yalimchoma mikono iliyokwisha kuchubuka. Hakujali.

Jumatatu walikata. Hadi saa nne walikuwa wanamsifu Zabron. Saa nne na nusu mwiba wa jani la mkonge ulilishika shati la Alexander, likafunguka kutoka kwapani hadi kiunoni, bila mlio, kama karatasi iliyolowa.

"Ala! Unatuvulia nguo mchana?" mmoja alipiga kelele, wote wakacheka.

Likachanika la pili. La tano. Aliyeinama lilimpasukia mgongoni, aliyebeba mzigo lilimwishia begani. Kufika adhuhuri hakuna aliyecheka. Rahimu alikuja akawatazama mmoja mmoja.

"Asiye na shati atoke."

Walitoka wote. Lucas alikuwa wa mwisho, ameshika mkono wa shati uliobaki peke yake.

Zabron alikwenda kwa mzee Hosea karibu anakimbia. Hata shikamoo alisahau.

"Ulisema saa moja!"

"Nilisema, na ndivyo. Zamu yetu iliingia saa kumi na mbili na nusu. Kitambaa kinatumbukia, saa moja asubuhi kinatoka."

"Nusu saa, basi! Mbona hukusema nusu saa?"

"Nani Tanga hajui zamu ile iliingia lini? King'ora kiliamsha mji mzima."

"Sisi tumezaliwa kambini, mzee. King'ora hakikufika."

Mzee Hosea akakitazama kidole chake kimoja kisicho na kucha. "Saa nzima, kostiki inakula uzi wenyewe," alisema. "Inabaki sura ya shati."

Zabron alijaribu kuyatia viraka. Kila sindano ilipopita, tundu lilikua. Lucas alisimama mlangoni akimwangalia, kisha akasema, "Acha, Zabron." Hakusema kaka.

Shamba halikutoa mashati mengine. Wakataji kumi na tisa waliazima ya jamaa zao walioacha kazi, wakarudi shambani. Nafasi za ishirini na watatu zilijazwa na watu wapya wiki ile ile, ya Lucas ikiwemo. Mgongo wake ulipona kwa kukaa bure. Alirudisha chumba cha kambi, akampeleka mkewe na watoto wanne kwa wakwe zake Lushoto, naye akaenda huko huko bila kupitia Usagara.

Mashati arobaini na mawili. Kazi ishirini na tatu. Chumba kimoja. Ndugu mmoja.