Bahasha ya Kaki Kijijini

Kijiji kilikuwa kimya kupita kiasi. Saa nne asubuhi mitumbwi yote imelala kifudifudi mchangani, milango imerudishwa, na mtu pekee aliyeonekana ni mama mmoja barazani, akishona wavu. Karani mmoja wa kike kutoka mjini alimwendea na viatu vyake vya ofisini, bahasha ya kaki kwapani, roho juu juu. Alitoka moja kwa moja wodini, vyeti vya hospitali vya mama yake bado vimo ndani ya bahasha. Miaka tisa mama amemlilia mwanawe aliyeondoka kwa hasira, na sasa daktari amesema hafiki jioni.

"Shikamoo mama. Namtafuta kaka yangu, ana kovu kwenye nyusi. Nimeambiwa huku wanamwita Kijiti."

Sindano ikasimama. Mama yule akaitazama bahasha, akavitazama viatu.

"Kijiti? Masikini! Bahari ilimchukua mwaka juzi. Hata maiti hatukuiona."

Karani alikaa chini pale pale, puu, na sketi yake ya kazini. Simu ikaita. Ni mdogo wake, aliyebaki kando ya kitanda.

"Dada, mama anauliza kama umempata. Usimfiche, unamjua alivyo."

Kweli, mama alikuwa amemwapisha: habari tamu au chungu, aletewe ilivyo. Lo, heri angezaliwa mwongo!

"Mwambie..." Akaitazama bahari. "Mwambie alishafariki. Alizama."

Akakata simu, akaangua kilio, kile kile chake cha utotoni chenye kwikwi tatu kabla ya sauti.

Mtumbwi mmoja ukainuka ubavu. Kutoka chini yake akatambaa mwanamume, ndevu zimejaa mchanga, kovu kwenye nyusi.

"Dada? Ni wewe?"

Mshona nyavu akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Mungu wangu! Sisi tukiona viatu na bahasha tunajua ni mkaguzi wa nyavu haramu, amekuja kukamata watu. Anayetafutwa tunasema kazama, ndivyo tulivyokubaliana. Na wao pia huja wakijifanya ndugu!"

Karani hakumsikia. Alibonyeza namba, akakosea mara mbili.

"Yuko hai! Mpe mama simu, mpe haraka!"

Upande wa pili mdogo wake alikuwa akilia.

"Nilimwambia, dada. Akasema, basi kumbe mwanangu ananingoja huko. Akafumba macho."

Kijiti alikuwa bado amenyoosha mkono, akisubiri apewe simu azungumze na mama.