Ndoto ya Hasani Niliyoiota Mimi

Ndoto mbaya haisimuliwi. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Kikole. Ukiota jambo zito unaamka, unatema mate kushoto mara tatu, unageukia ubavu wa pili, unanyamaza. Ukiota jema unamwambia mtu anayekupenda. Kwa hiyo nyumbani kwa shangazi yangu, Bi Adija, mtu akiamka kimya watu humtazama kwa huruma, wakamwongezea uji.

Mimi nimeongezewa uji mara nyingi bure, maana ni mtu wa kimya tu.

Mwaka ule kijiji kilikuwa bado kipya. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kando ya barabara, mapaa bado yananuka nyasi mbichi, na wazee walikuwa hawajazoea kuwasikia majirani wakikohoa. Shule ilikuwa na kuta tatu. Ukuta wa nne tuliambiwa utakuja na msimu wa korosho. Mwalimu Mkuu Evaristo alifundisha madarasa manne peke yake, akitoka huku anaingia kule, kama mpishi mwenye masufuria manne na kuni za moja.

Ndiyo maana watu walifurahi Hasani aliporudi. Hasani ni mtoto wa pekee wa shangazi, binamu yangu, na posa yake kwangu ilikuwa imekwisha pokelewa. Alikuwa anamaliza chuo cha ualimu Lindi, akaletwa kwetu kwa mazoezi ya kufundisha pamoja na mwenzake Severini, kijana wa Rondo, mlinda mlango wa timu ya chuo na mtu asiyejua kufunga mdomo. Kijiji kizima kilikwisha kupanga: Hasani atamaliza, atarudi, atafundisha, atanioa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishia darasa la saba. Mwalimu Evaristo aliwahi kuniambia, "Mwanaasha, serikali sasa inataka waliomaliza la saba wafundishe huku wanasoma. Wewe unaweza." Niliinamisha macho. Nilijua mwalimu ni Hasani. Mimi nitakuwa mke wa mwalimu, basi.

Lakini asubuhi nilikuwa nikimtazama Hasani uwanjani, na asubuhi ilikuwa ikiniambia jambo jingine.

Miezi ile ya baridi ukungu hupanda kutoka bondeni, ukaingia uwanja wa shule polepole kama maji yanayoingia jahazini. Vijana hupotea kuanzia kiunoni kwenda chini. Mimi na shangazi tulikuwa tukibangua korosho barazani, na kutoka pale niliona vifua vikikimbia bila miguu, na mpira ukichomoza mara moja moja, mweusi, ukazama tena. Wenzake walikuwa wakiutafuta. Hasani hakuutafuta. Alikwenda pahali patupu akasimama, na mpira ukamjia hapo, kama ng'ombe ajuaye zizi lake. Nilikuwa nikitazama mpaka mafuta ya korosho yanaunguza vidole na sina habari.

"Mwanaasha," shangazi aliniambia, "hizo unazotupa ndizo korosho, maganda ndiyo unaweka kwenye ungo."

Ilikuwa Ijumaa, ukungu umekwisha kupanda, gari la Land Rover likaingia kijijini. Aliyeshuka alikuwa mtu mnene wa suruali ya kaki, akajitambulisha kwa jina la Maftaha, katibu wa timu ya kiwanda kimoja cha Dar es Salaam, timu inayocheza ligi ya taifa. Alikuwa amemwona Hasani kwenye mashindano ya vyuo kule Mtwara.

"Shikamoo, mama," alimwamkia shangazi, ingawa umri wao haukuachana sana.

"Marahaba. Umekuja kunichukulia mtoto, nimekwisha sikia."

"Nimekuja kumwomba, mama. Atapewa kazi kiwandani, na jioni mpira. Kijana huyu, ukimwacha huku, ni kama kuficha taa chini ya kapu."

"Huku kuna giza, Ndugu Maftaha. Taa tunaihitaji."

Yule bwana alicheka, akakaa kwenye mkeka kama mtu wa nyumbani. "Mimi simchukui mchezaji ambaye mama yake analia. Nimewaona. Hao huvunjika mguu mechi ya tatu. Ukiniambia hapana nitakunywa maji yako, nitakwenda zangu. Ila jibu nilipate leo. Baada ya alasiri naondoka, nikalale njiani, kivuko cha Rufiji nikikute kesho mapema."

Severini alikuwa ameegemea nguzo ya nyumba. "Na mimi, Ndugu Katibu? Mlinda mlango hamhitaji?"

"Wewe nilikuona Mtwara ukimtukana mwamuzi dakika zote tisini."

"Nilikuwa namsaidia kuona!"

Shangazi hakucheka. Alimgeukia mwanawe. "Hasani, istikhara uliswali?"

"Niliswali, mama, nikamwomba Mungu anionyeshe njia. Tangu barua yao ya kwanza."

"Ukaota nini?"

Hasani alijikuna shingo. "Niliota mpira."

"Na mara ya pili?"

"Mpira, mama. Umejaa upepo zaidi."

Severini alikwenda nyuma ya nyumba akachekee huko.

Shangazi alikaa muda mrefu akichambua korosho ambazo zilikwisha kuchambuliwa. Nilijua anachokifikiri. Baba yake Hasani alifariki, mwana ni mmoja, na Dar es Salaam ni mbali. Lakini pia alikuwa amemwona mwanawe kwenye ukungu, sawasawa kama nilivyomwona mimi. Akamtuma mtu amwite Maalim Abdurahmani, anayetufundishia watoto Kurani, akamuuliza kama mtu anaweza kuombewa kheri na mwingine.

"Wapo wanaofanya hivyo," alisema Maalim. "Nani ataomba? Wewe?"

"Mimi ni mama. Nitaota ninachokitaka." Akaninyooshea kidole cheusi kwa mafuta. "Huyu. Tangu mtoto, huyu akisimulia ndoto haongezi chumvi."

"Lakini shangazi, ni mchana," nilisema.

Maalim alitabasamu. "Mwenye kuombwa halali mchana wala usiku. Utakayelala ni wewe tu, binti yangu."

Baada ya adhuhuri nilitawadha, nikaswali rakaa mbili kwenye chumba cha ndani, nikasoma dua kama nilivyofundishwa: kama jambo hili lina kheri, lirahisishe, kama halina, liondoe. Ulimi uliyasema maneno yote mawili sawa. Moyo ulishika la pili peke yake, ukalibana. Nilijilaza kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla. Nje watoto walikuwa wakicheza na Severini, nikasikia mpira ukidunda, ukidunda, kila mdundo ukiwa mbali kidogo kuliko uliotangulia, mpaka sikujua tena kama unadunda nje au ndani ya kifua changu.

Nikaota.

Uwanja wa shule ulikuwa mweupe, lakini si ukungu, ni sufi, kana kwamba misufi yote ya nchi imepasuka siku moja. Hasani alipiga mpira juu. Mpira haukurudi. Watu wote tulisimama tukiangalia juu, shangazi, Mwalimu Evaristo, Maalim ameshika kofia yake, na hakuna aliyeshangaa. Nilipotazama chini Hasani hayupo. Ziko nyayo zake, zinakwenda kwenye weupe ule, na kila unyayo una maji, maji yaliyotulia, ndani yake mawingu yanapita. Nilitaka kuogopa. Niliutafuta woga kama mtu anavyotafuta ufunguo kwenye pindo la kanga, sikuupata. Kisha mpira ukashuka, taratibu kama jani, ukakaa mapajani mwangu. Ulikuwa wa moto, kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Nikageuka, na nyuma yangu watoto wamekaa kwenye sufi safu kwa safu, wananitazama mimi, wananingoja.

Nilipoamka jua lilikuwa limepinda. Nilitoka nikakaa barazani. Ndoto ilikuwa bado imenizunguka, na mapaja yangu yalikuwa bado yana joto lile, nikawa naogopa kujitikisa lisije likaniponyoka. Walikuwapo wote: shangazi, Maalim, Ndugu Maftaha na dereva wake, Hasani kwenye ngazi. Waliniangalia. Mimi niliangalia uwanja, kama kule sufi ilikuwa imebaki hata kidogo.

Shangazi aliinuka taratibu akaingia jikoni. Aliporudi alikuwa na bakuli, akaniwekea mkononi bila kusema.

Uji. Alasiri ile, uji.

Ndipo nilipotambua nilichofanya, na sikuwa nimefanya kitu ila kukaa kimya. Maalim alishusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali." Hasani alilitazama bakuli, akanitazama mimi. Akasimama, akamwendea Ndugu Maftaha, akampa mkono.

"Nakushukuru, Ndugu Katibu. Nitabaki."

"Nilisema nikiambiwa hapana nitakwenda zangu," alijibu yule bwana kwa sauti ya chini. "Timu nyingine zina waganga. Siwezi kushindana na binti aliyelala." Akamuaga shangazi, akaenda kwenye gari.

Bakuli lilikuwa la moto. Shangazi alikuwa ametia sukari, na sukari siku zile tulikuwa tukiilamba kwa macho. Sikuwa na haja ya kusema uongo. Ilikuwa ninywe uji tu. Ninywe, ninyamaze, na mwaka unaofuata nitakuwa mke wa mwalimu, na nitamwona kila asubuhi kutoka baraza hii hii.

Nikanywa funda moja. Ulikuwa mtamu sana.

Hasani alikuwa amekwenda uwanjani. Watoto walimpigia mpira, akautuliza. Kisha akainama, akauchukua kwa mikono miwili, akamkabidhi mdogo kuliko wote. Hakuupiga. Aliutoa kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Halafu alisimama palepale, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui asimame wapi.

Gari likawaka.

Niliweka bakuli chini. "Shangazi, sikuota vibaya."

Aligeuka kwa nguvu hata kanga ikamwanguka kichwani. "Unasemaje?"

"Niliota vizuri. Nilikuwa naikusanya tu."

"Mtoto wewe! Naikusanya! Mtu anakusanya ndoto kama kuni? Hebu sema!"

Nikasema. Sikuongeza chumvi. Nilipofika kwenye nyayo Maalim aliinua mkono. "Maji hayo, yalikuwa na tope?"

"Hapana, Maalim. Niliona mawingu ndani yake."

"Yanakwenda mbele au yanarudi?"

"Yanakwenda mbele."

Maalim alimtazama shangazi, naye shangazi akatazama chini. Machozi yalimtoka, lakini alikuwa anacheka huku akiyafuta kwa kiganja, na mafuta ya korosho yakamchora uso mzima. "Basi," alisema. "Basi, mwanangu akacheze." Kisha akapiga kelele, "Severini! Umesimama unangoja nini? Gari hilo!"

Severini alitoka mbio pekupeku, mikono juu, akalifuata vumbi. "Ndugu Katibu! Simama! Kaota vizuri! Alikuwa anaikusanyaaa!" Kijiji kizima kilitoka kuona nani anafukuzwa.

Hasani alifunga vitu vyake katika mfuko mmoja. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, shangazi akiwa mbele yetu anamuusia Ndugu Maftaha kuhusu chakula, na baridi, na wanawake wa mjini, na Ndugu Maftaha akiitikia kila jambo, "Ndiyo, mama."

"Ungeweza kunyamaza," Hasani aliniambia.

"Ningeweza. Na uji ulikuwa mtamu."

Alitembea hatua chache. "Wanasema mwishoni mwa ndoto mimi sikuwepo?"

"Nyayo tu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa na watoto."

Alilifikiri hilo. "Utanisubiri, Mwanaasha? Wewe unajua kusubiri."

Watu wote husema hivyo juu yangu, na siku zote nimeitikia. Siku ile neno halikunijia mdomoni. "Kusubiri, sijui," nilimwambia. "Nitakuwepo."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyepigiwa pasi asiyoitegemea. Gari likaondoka, na vumbi lake lilikaa hewani mpaka adhana ya magharibi.

Jumatatu asubuhi nilikwenda shule. Sikuwa nimeitwa. Mwalimu Evaristo alikuwa akitoka darasa la kwanza akikimbilia la nne, aliponiona alisimama, akanipa kipande cha chaki bila kuuliza kitu, akaendelea na mbio zake. Severini alikuwa la pili, nami nikaingia la tatu, lililoachwa na Hasani. Watoto walikuwa wamekaa safu kwa safu, kama nilivyowaacha ndotoni, isipokuwa hawa walikuwa wanasukumana.

Ukungu ulikuwa mzito siku ile. Uliingia kwa pale pasipo ukuta, polepole, ukafunika safu ya nyuma, kisha ya katikati, mpaka nikabaki na nyuso chache za mbele na weupe mtupu. Wakanyamaza. Mmoja alianza kulia huko ndani.

"Msiogope," niliwaambia. "Kila mtu aseme jina lake. Nitawasikia mlipo."

Halafu sauti nyembamba ikatoka kwenye weupe, "Rosa." Na nyingine mbali zaidi, "Petro." Na nyingine, na nyingine, nami nikigeuza uso kila inakotoka.