Kidonge cha Jumapili

Jumanne ya nne Dutch aligoma kushuka garini. Mbwa wa kilo thelathini na tano akikaza miguu, huna ujanja. Verlin, mume wangu, alimbeba mpaka mlangoni pa hospitali ya wanyama ya chuo huku akimnong'oneza, na mimi nikafuata na daftari.

Daftari hilo nililijaza kila siku: amekula nini, ametapika mara ngapi, amelala vipi. Dutch ana kansa ya tezi. Daktari wetu wa mjini alimpa miezi miwili. Chuoni wakasema wanajaribu dawa mpya kwa mbwa, huenda ikamwongezea mwaka, huenda isimsaidie kitu. Nikatia sahihi. Tangu siku hiyo nimekufa ganzi. Napika, nafua, naandika daftari, sisikii baridi wala joto.

Marisol, muuguzi wa utafiti, alimpapasa Dutch shingoni. "Tezi hazijapungua, ila hazijakua. Kwa wiki ya nne si haba." Kisha akauliza swali lake la kila Jumanne. "Nyumbani kapewa dawa nyingine yoyote?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hapana.

"Kidonge kimoja," Verlin akasema. "Vile vya muwasho vya mwaka jana. Jumapili alijikuna sana, nikamfichia kwenye siagi ya karanga."

Marisol akaweka kalamu chini. Vidonge hivyo ndivyo vya kwanza kwenye orodha ya marufuku, maana vinavuruga matokeo yote. "Bwana Stenger, hili tulilieleza mara tatu."

"Najua, dada. Kichwa changu kigumu, muulize huyu."

Dutch akatolewa kwenye utafiti. Kulikuwa na mbwa mwingine anayesubiri nafasi, na mwenye mbwa huyo angepigiwa simu saa kumi jioni. "Mkifika nyumbani mkaona mmekosea kuhusu hicho kidonge," Marisol akaniambia mimi, si Verlin, "nipigieni kabla ya hapo."

Njiani Verlin alisimama kwenye dirisha la kuuzia baga, akanunua moja isiyo na kitunguu. Kwa wiki nne Dutch hakuruhusiwa kula ila chakula cha utafiti. Aliimeza bila kutafuna, akalamba karatasi, kisha akalamba sikio la Verlin.

"Umemuua mbwa wangu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Wangu pia, Loretta."

Mashamba ya mahindi ya jimbo letu la Iowa yakapita, mpaka nyumba yetu ikaonekana. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la dawa kutafuta ile chupa niitupe. Nikaikuta ndani ya mfuko wa karatasi wa kliniki, na mfuko umebanwa pini tatu. Pini ni zile zile walizobana kliniki mwaka jana. Hakuna aliyewahi kuufungua.

Nikachukua simu. Namba ya Marisol ilikuwa juu kabisa.

Dirishani nilimwona Dutch amelala kwenye kidimbwi cha plastiki cha wajukuu, na Verlin kwenye kiti, suruali imekunjwa, miguu majini. Kila Jumanne Dutch alianza kutetemeka tulipokata kona ya barabara kuu, saa nzima kabla ya kufika chuoni. Nilimwona kila mara. Sikuandika, kwa sababu daftari halikuwa na mstari wa kuogopa. Verlin hakuwa na daftari.

Nikaweka simu chini. Nikang'oa pini, nikatoa kidonge kimoja, nikakizungushia kipande cha jibini, nikatoka nje. Dutch akakimeza bila kuuliza.

Verlin aliutazama mfuko uliochanika mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Cha Jumapili," nikamwambia.

Akasogeza kiti. Nikavua viatu, nikatia miguu kwenye kidimbwi, tukakaa hivyo mpaka saa kumi ikapita. Maji yalikuwa baridi, nikayasikia.