Taa ya Mkanda

Mimi sijasamehe. Watu wa kanisani kwetu hapa Rujewa wananiambia nisamehe, na mimi nawajibu: msameheni nyie, mimi bado. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na Saulo alinitenda mbele za watu.

Ngoja nieleze, msije mkaniona nina roho mbaya bure. Ufundi nilijifunzia Mbeya, kwenye gereji ya Saulo, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume. Siku moja Dada Jayshree, mwenye duka la vitenge pale mjini, akaleta Land Cruiser yake. Taa ya mkanda wa taimingi ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Taa ile ikiwaka inakwambia mkanda umemaliza safari yake, toa, weka mpya, halafu uizime kwa mkono, maana yenyewe haijui kama umebadilisha. Maana mkanda ule ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na gari inakufa hapo hapo ilipo.

Saulo aliichukua gari ile mwenyewe. Gerejini kwake kulikuwa na sheria: mteja hakai ndani ya geti. Anakaa kwenye benchi huko nje, anapewa soda. Jioni anarudishiwa gari yake pamoja na mkanda wa zamani mkononi, kwa sababu ndiyo desturi ya mafundi, kilichotolewa anakabidhiwa mwenye gari ili ajue kweli kimebadilishwa. Sasa huyu bwana nyuma ya stoo alikuwa na pipa zima la mikanda mikuukuu. Akatoa mmoja pipani, akampa Jayshree. Akachomoa kibalbu cha ile taa. Mkanda wenyewe hakuugusa! Mimi siku hiyo kazi yangu ilikuwa kuosha injini kwa nje, basi. Haya yote fundi mwenzangu alikuja kuninong'oneza baadaye, maji yakiwa yameshamwagika.

Mkanda ulikatika kwenye miteremko ya Chunya, Jayshree akipeleka mzigo Makongolosi. Gari ikazima, usukani ukawa mzito, breki zikagoma, ikagonga ukingo wa barabara. Mkono wake ukavunjika. Alipokuja gerejini mkono ukiwa na plasta, Saulo hata hakumeza mate. Alininyooshea kidole. "Huyu hapa ndiye aliyefunga. Nilimwonea huruma tu kwa kuwa ni binti. Mwanamke na injini wapi na wapi!"

Mafundi wote walikuwepo na wote walinyamaza. Jayshree alikuwa akinipenda, kila akija ananiletea sambusa kwenye kikontena. Siku ile alinitazama akasema, "Roza, hata wewe?" Sauti ile naisikia mpaka leo nikiwa nasonga ugali. Hakuna gereji Mbeya iliyonipokea tena. Waliniita Roza Mkanda. Nikaja huku Rujewa, Usangu, nikaanza na mashine za kukoboa mpunga na matrekta madogo ya mashambani, mpaka wakulima wakanikubali. Lakini jina langu lilibaki Mbeya, linakanyagwa.

Sasa sikia. Mwaka huu, wakati wa mavuno, siku ya Alhamisi, Timotheo dereva wa Fuso akaingia uani kwangu anavuta Land Cruiser nyeupe kwa mnyororo.

"Roza, nimekuletea mgonjwa," akasema. "Imemfia huyu mzee pale Igawa."

Mlango ukafunguliwa, akashuka Saulo. Kitambi mbele, simu mbili mkononi.

Jirani yangu Minza anauza wali maharage ubavuni mwa gereji yangu, na kisa changu anakijua kuliko mimi mwenyewe. Aliuacha upawa ndani ya sufuria. "Mayo wee!" akasema. "Mbuzi kafia kwa muuza supu!"

"Kumbe ni wewe, Roza?" Saulo akajichekesha. "Aisee, dunia duara."

"Duara sana, fundi." Shikamoo sikumpa.

Akaanza kujieleza. Jumamosi jioni ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake, Atuganile, anayeolewa, huko Iringa. Zawadi zote zimo garini, na friji iko nyuma, na gari hiyo hiyo ndiyo itapambwa imbebe binti. Nikamwambia mabasi ya Iringa yanapita Igawa kutwa nzima, apande, gari nitaitengeneza taratibu.

"Basi?" Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi, Saulo mwenye gereji, nishuke kwenye basi na friji mbele ya wakwe? Wanicheke mpaka nizeeke? Bora nife."

Ahaa, nikasema moyoni.

Nikafungua kava. Mkanda ulikuwa umekatika, umepasuka pasuka, meno yameng'oka. "Nani alikubadilishia huu?"

"Jofrey, fundi wangu mkuu. Mwaka jana tu. Alinipa na wa zamani mkononi."

"Alikupa wa pipani, fundi. Huu ulikuja na gari kutoka Japani." Nikaingia ndani, nikachungulia nyuma ya dashibodi. Pale pa taa palikuwa patupu. "Na balbu amekuchomolea."

Saulo akakaa juu ya tairi. Jofrey alifundishwa na nani? Na yeye! Nilicheka, nyie, nilicheka mpaka Minza akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. "Mwosha huoshwa," nikamwambia Saulo, na roho yangu ikasuuzika. Siwezi kudanganya, ilisuuzika hasa.

Valvu zilikuwa zimepinda. Nikamtajia vifaa, akaagiza Mbeya, vije kwa basi kesho yake. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasogea kwenye injini.

"Unakwenda wapi?"

"Nisimamie gari yangu."

"Thubutu! Kwangu mteja hakai ndani ya geti. Minza, mpe mzee soda."

Alibisha weee, mwisho akatoka. Angefanyaje? Silinda hedi ilikuwa tayari iko mezani kwangu, na fundi mwingine wa kuirudisha hayupo mpaka Makambako. Nikatundika turubai kati ya gari na benchi. Ijumaa alileta boksi la mkanda mwenyewe, akanikabidhi, akarudi nje kunywa Fanta ya moto.

Nitasema na hili, maana ndilo lililokuwa moyoni. Ukutani kwangu imening'inia mikanda mikuukuu, wakulima wanakuja kuichukua wafungie mizigo. Mmoja ulikuwa wa injini kama ile ile. Ijumaa mchana niliushika. Niliushika muda mrefu, nikaukunja, nikautazama. Nikasema, Saulo, ukafie njiani huko. Halafu nikamkumbuka huyo Atuganile amekaa kiti cha mbele na shela lake, na nikamkumbuka Jayshree na plasta. Nikaurudisha ukutani. Nikafunga mkanda mpya na beringi mpya, nikalinganisha alama, nikazungusha kwa mkono, nikalinganisha tena. Nisingeivunja kazi yangu kwa ajili ya mtu kama yule. Ila yeye hakuona.

Jumamosi mchana nilitoka nje nikifuta mikono. Yeye alikuwa ameshavaa suti ya bluu, viatu vinang'aa.

"Kava bado liko wazi," nikamwambia. "Mpigie Jayshree. Namba yake unayo. Mwambie ukweli, mimi nikiwa nasikia. Ukimaliza nafunua turubai, unaona mkanda mpya kwa macho yako, ndipo nafunga."

"Mambo ya kale hayo, Roza."

"Kwangu ni ya leo."

Akasonya. "Yaani mimi nijidhalilishe kwa mteja kwa ajili yako? Funga gari, binti, nimechelewa."

"Haya. Nafunga."

Nikafunga. Nikawasha, injini ikaitika mara moja, inanguruma vizuri kabisa. Nikafunua turubai, nikamwekea mkononi mkanda uliokatika. "Desturi ni desturi, fundi. Wa zamani huo."

Hapo ndipo akili ilipomjia. Aliutazama ule mkanda, akatazama ukutani ile mikanda yangu mikuukuu, akanitazama mimi. Yeye ndiye anayejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba mkanda wa zamani mkononi si ushahidi wa kitu.

"Umefunga ule mpya?"

"Wewe unaonaje?"

"Roza, usinitanie. Fungua nione."

"Nitoe feni, nitoe puli, nitoe kava, halafu nirudishie tena? Jua litazama, mwanao amekaa ukumbini hana baba. Sema mwenyewe."

Akaingia garini. Akaona. "Mbona hii taa inawaka?"

"Nimekuwekea balbu. Hukuwa nayo."

"Si uizime basi!"

"Unajua inavyozimwa. Chomoa."

Minza alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Saulo aliondoka taratibu, anakwepa hata vijiwe, friji inayumba nyuma.

Akapiga simu akiwa Makambako. Nikaiacha iite. Akapiga tena, nikapokea, nikamwambia tu, "Mpigie Jayshree," nikakata. Simu ya tatu alikuwa Nyororo, amepaki pembeni. Sauti haikuwa ile ya Mbeya. Anasema anasikia kamlio mbele ya injini. Kamlio gani? Hakuna kamlio! Anasema taa inamtazama. Anasema milima iko mbele, na binti yake anapiga simu kila mara, baba uko wapi.

"Roza, mdogo wangu, nakuomba. Niambie ukweli."

"Anza wewe."

Akakata. Nikarudi kwenye mashine ya kukoboa ya watu, lakini nikawa nafunga boliti ile ile mara mbili. Niliogopa. Niliogopa asipige, na nisijue kitu gani kingine cha kumfanya.

Muda kidogo simu ikaita, namba siijui.

"Roza?" Nikaitambua sauti. "Mimi Jayshree. Saulo amenipigia, analia. Amesema si wewe uliyefunga. Amesema hukugusa kabisa." Akaendelea, "Mkono huu bado unauma kukiwa na baridi. Kila ukiuma nilikuwa nakutaja wewe. Nisamehe, dada."

Nilikaa chini kwenye grisi. Nililia, sikujali nani anaona. Nilimwambia nimemsamehe, na huyo nilimsamehe kweli. Akasema Jumatatu atawaambia mafundi wote wa Mbeya, mmoja mmoja, na wa kwanza atakuwa Jofrey.

Ahadi ni ahadi. Nikampigia Saulo.

"Amenipigia," nikasema. "Sasa sikia na wewe. Mkanda ni mpya. Beringi mpya. Nimefunga kwa mkono wangu, nimelinganisha mara mbili. Nenda, hata Dar utafika."

Nasikia malori yakipita kwake.

"Apa."

"Naapa."

"Apa kwa mama yako."

"Naapa kwa mama yangu mzazi, aliyeko Kalenga, anipendaye."

Akasema polepole, "Hata mimi ningeapa."

"Hilo sasa ni lako, fundi," nikamwambia. Nikakata simu, nikanawa, nikaenda kula kwa Minza.

"Ameamini?" akaniuliza.

"Wapi!"

Jumapili jioni Timotheo akapita na Fuso lake, anatokea Iringa na mzigo wa mbao. Alikuwa anacheka kabla hajashuka. Anasema Land Cruiser nyeupe aliikuta Nyororo, imepaki kando ya barabara, milango imefungwa, haina kasoro yoyote. Na Jumamosi usiku, pale stendi ya Iringa, alikuwa amesimama anakunywa chai, basi likaingia, konda akapanda juu ya keria kushusha mzigo. Friji. Chini yake amesimama mzee mmoja wa suti ya bluu, ameinua mikono miwili kuipokea, na wakwe waliokuja kumpokea wamesimama wanamtazama.