Fuawe Iliyoombewa

Berthe aliporudi Butembo kutoka Kyavinyonge, alikokwenda kuwauzia wavuvi visu vyake, alikuta fuawe ya marehemu baba yake, chuma anachofulia, imegeuka rangi. Aliiacha uso wake unang'aa kwa kupigwa nyundo. Sasa ilikuwa kijivu kama jiwe la jikoni.

Kaka yake Éliakim, shemasi, hakuficha kitu. Alisimulia kwa fahari, tena. Kikundi chake cha maombi kiliona kwamba fuawe imeshikwa na pepo za mababu, wakaizika katika makaa, wakaimba hadi ikawa nyekundu, kisha wakaiacha ipoe yenyewe.

"Tuliitakasa," alisema.

Damu ilimpanda Berthe kichwani. Alijua walichokifanya, lakini kwao mwanamke akisema chuma kimekufa, huulizwa kama amekula, kana kwamba ni njaa inayomsemesha. Akampigia simu Papa Jéthro, mhunzi wa Beni aliyejifunza kazi kwa baba yao.

Jéthro alikuja na pikipiki yake, akakataa hata chai. Alipitisha kidole kwenye kingo zote, akatafuta ufa asiuone. Akaigonga kwa nyundo. Ngiii!

Éliakim akapiga makofi. "Mumesikia? Inaimba! Iko muzima!"

"Diacre, sauti inasema tu haikupasuka," Jéthro alimjibu shemasi. "Ngoja kwanza."

Akatoa mfukoni gololi ya chuma iliyotoka kwenye gurudumu la lori, akaiachia juu ya uso wa fuawe. Enzi za baba yao, gololi hiyo ingeruka karibu irudi kiganjani, na Jéthro angeidaka bila kuinama. Sasa ilianguka pu, ikajiviringisha hadi chini. Jéthro akajaribu katikati, akajaribu pembeni. Pu. Akachukua nyundo ya Berthe, akapiga pigo moja, na pale usoni pakabaki kishimo.

"Mutoto yangu, ugumu yake ilitoka," alisema, akimtazama Berthe na si shemasi. "Kule kwenye baliifanya, baliichoma na kuizimisha na mayi mingi, ndiyo ikakauka, ikawa ngumu. Ukiirudisha ku moto na kuiacha ipole polepole, inalainika. Ukifulia jembe hapa, ni enclume, fuawe yenyewe, ndiyo itapindika."

"Na kuirudisha vile ilikuwa?" aliuliza Berthe.

"Miye hapana weza. Na sijui mutu mwenye anaweza, huku ao Beni. Lakini enclume yangu iko nzima. Kuja tutumike kazi pamoja."

Kikulacho ki nguoni mwako! Waporaji waliwahi kupita mtaani humo wakaiacha fuawe kwa uzito wake, kisha ndugu wa tumbo moja akaja kuimaliza kwa nyimbo. Berthe akamgeukia kaka yake.

"Yaya, kaka yangu, ulimuuliza nani? Papa aliniachia miye, mbele yako! Na kama ni bapepo, sababu ya nini habakuonekana wakati papa alikuwa anafua? Balikuwa bananingojea miye?"

Éliakim akalainisha sauti, ile sauti yake ya kufariji wafiwa. "Berthe, hapana kasirika. Mwanamuke na nyundo, batu balikuwa banasema. Pengine ni Mungu. Kwa hiyo sasa utapumuzika, utalima sawa banamuke bengine."

Basi pepo lenyewe lilikuwa hilo: mwanamke mwenye nyundo. Hasira ya Berthe, iliyokuwa ikichemka, ikatulia na kuwa ngumu. Akavuka ua hadi nyuma ya jiko la Éliakim, akayatoa majembe yote aliyowafulia: la shemasi mwenyewe, la mkewe, ya watoto, jingine bado lina tope la asubuhi. Akayabeba kifuani hadi kwenye pikipiki ya Jéthro, akaanza kuyafunga kwa kamba.

Éliakim alimfuata mbio. "Berthe! Mvua imeshaanza! Sasa tutalima na nini?"

Berthe akakaza fundo kwa meno, akapanda nyuma ya Jéthro.

"Na maombi, yaya."