Zamu ya Salvina

Waliohudhuria ni hawa: Mzee Byarugaba, mkuu wa ukoo na mwenyekiti wa kikao, Bibi Placidia, mwenye nyumba, Novatus, mwanawe mkubwa, Verdiana, bintiye wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi, na mgeni mmoja, Bwana Edgar, afisa ustawi wa jamii kutoka Rubwera. Aliyekosekana ni Deodatus, mtoto wa kati wa Bibi Placidia, aliyefariki Ubelgiji miaka saba iliyopita na kuzikwa hukohuko. Kikao kilihusu binti yake, Salvina, mwenye umri wa miaka kumi na miwili.

Ilikuwa Jumapili, kijijini Kimuli, watu wametoka kanisani. Mzee Byarugaba alitafuna punje zake za kahawa, akapitisha kikapu kwa wenzake, kisha akamwomba mgeni aeleze.

Edgar alieleza bila haraka. Mukakalisa, mama yake Salvina, alifariki hukohuko Ubelgiji mwezi Februari. Salvina na mdogo wake Ganza, mwenye miaka minne, wanatunzwa na familia iliyoteuliwa na mahakama ya watoto. Kabla ya kuamua watoto hao wakulie wapi, mahakama inataka kujua kama ukoo wa baba unaomba kumlea Salvina.

“Sheria za huko zinamtaka hakimu amsikilize mtoto mwenyewe,” alisema, “na asitenganishe ndugu ila kwa sababu nzito.”

“Ndugu gani?” Novatus aliuliza. “Yule mdogo si wa Deodatus. Ana ukoo wake.”

“Baba yake hajulikani alipo.”

“Basi atafutwe. Hapa tunamjadili Salvina.”

Hakusema kwa ukatili. Katika nyumba zile mtoto humfuata baba, na kibanja, yaani ardhi ya ukoo yenye migomba, kahawa na makaburi, hakimpokei mtu wa ukoo mwingine. Kwa miezi mitatu familia ilikuwa ikijiandaa kumpokea Salvina. Bibi Placidia alikuwa amekwisha kupaka chumba chokaa. Hakuna aliyeuliza habari za Ganza, kwa kuwa hakuna aliyedhani anahusika. Verdiana peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza na Salvina kwa simu, naye alijua msichana anaogopa nini. Alikuwa amemwahidi kwamba ukoo utamsikia kabla haujaamua.

Utaratibu wa kikao ulifahamika. Kila mwanaukoo husema mara moja tu, mdogo akitangulia na mwenyekiti akimalizia. Mtoto hana zamu.

“Mwalimu, anza,” alisema Mzee Byarugaba.

Verdiana alisimama. “Baba mkubwa, zamu yangu namwachia Salvina. Yuko tayari, anasubiri simu.”

Novatus alicheka. “Zamu si kiazi, dada, umkatie mwenzio.”

“Kuna katazo?”

“Mtoto hana zamu!”

“Hii si yake. Ni yangu, nami nimempa.”

Edgar alikohoa. “Mzee, samahani. Hata Sheria ya Mtoto ya hapa kwetu inampa haki ya kutoa maoni. Si jambo la Wazungu peke yao.”

Mzee Byarugaba alimgeukia Verdiana. “Ukiitoa, umeitoa. Hutasema neno mpaka nifunge kikao, hata ukichomwa moto.”

“Nimekubali, baba mkubwa.”

Alipiga simu ya video, akamkabidhi mzee. Mzee akaiweka sikioni.

“Babu,” sauti ilisema, “naona sikio tu.”

Bibi Placidia alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na hata Novatus alitabasamu kidogo. Salvina alizungumza Kinyarwanda cha mama yake. Kwa kuwa Kinyambo, lugha ya ukoo huu, kinakaribiana nacho, hakuhitaji mkalimani. Alichohitaji ni watu wanyamaze, nao wakanyamaza.

“Nataka kuja kwa bibi,” alisema. “Nimetaka siku nyingi. Lakini Ganza je? Mama alipokuwa hospitali, mimi ndiye niliyekuwa nikimvisha na kumlisha. Nikilala kwa rafiki usiku mmoja tu, asubuhi yake hasemi na mtu. Watu tunaokaa nao ni wema, hawatupigi, lakini hawamjui kama mimi. Mkiniita peke yangu, nitamwambia hakimu hapana. Nimeona niwaambie ninyi kwanza, msije mkasikia kwa watu wengine.”

Nyuma yake sauti ndogo iliuliza jambo kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Salvina akaijibu kwa upole, kisha akarudi kwenye simu. “Nimemaliza, babu.”

“Usikate,” alisema Mzee Byarugaba, akaiegemeza simu kwenye birika. “Novatus.”

Novatus alisimama kwa kishindo. Ili mtoto aliyekuwa akisikiliza asielewe, alisema Kiswahili. “Huyu kafundishwa. Na mwalimu wake tunamjua, kila jioni yuko kwenye simu. Asiye na mtoto wake huchezea wa wenzake.”

Verdiana, ambaye hakujaliwa mtoto, alifumbua mdomo. Mzee Byarugaba aliinua kidole kimoja. Verdiana akaufumba tena, akaketi wima na mikono magotini.

Novatus aliuona uso wake, na sauti ikamshuka. “Mdogo wangu kazikwa ugenini. Sikumtupia hata konzi ya udongo. Mnataka na binti yake apotelee hukohuko? Mimi nasema aje. Nimemaliza.”

Bibi Placidia hakusimama, miguu ilimsumbua. “Novatus mwanangu, dada yako utamwomba radhi, na utamwomba leo. Sasa nisikilizeni. Hakuna anayemtaka mtoto yule kunishinda mimi. Lakini Deodatus alipokufa hakuna aliyeniuliza alazwe wapi. Niliambiwa tu, nikalia. Leo mtoto ameulizwa, na amejibu. Tukijifanya hatukusikia, tulimwita wa nini? Yule mdogo ameshika nguo ya mjukuu wangu. Nani atakwenda kumbandua vidole? Mimi siwezi. Mwenye ubavu huo asimame.”

Hakuna aliyesimama.

Mzee Byarugaba alimgeukia Edgar. “Mahakama imeuliza mmoja au wawili?”

“Mmoja, mzee, kwa kuwa ndiye damu yenu. Lakini hakuna kinachowazuia kujibu kwa wawili.”

“Na kibanja?” Novatus alinong'ona.

“Kibanja hakijaguswa,” mzee alimjibu. “Kurithi ni kurithi, na kula na kulala ni kula na kulala. Tusichanganye.”

Mzee alijikongoja akasimama, jambo asilolifanya ila ukoo unapofunga neno, akaishika simu mbele ya uso wake ili msichana amwone.

“Sikilizeni wote, nawe Salvina sikiliza. Ukoo haukuombi wewe peke yako. Bwana Edgar ataandika kwamba tunataka msitenganishwe. Hakimu akiona mbaki huko, mtabaki wote wawili, nasi tutaomba mje likizo wote wawili. Akiona mje, mtakuja wote wawili, na Ganza ataishi hapa kama mtoto wa nyumba hii. Atakayesimama mbele ya serikali kuwa mlezi wake ni Novatus, kwa kuwa ndiye mwana mkubwa wa nyumba hii. Huo ndio uamuzi wa ukoo.”